Kadi ya mkulima inasema hivi, databesi inasema vile. Nani mwongo?

#1 Mtunza_Leja
Wakuu, salama? Naomba macho yenu, yangu yamechoka.

Nipo Moshi. Chama kimoja cha msingi cha kahawa huku mlimani (jina tuliache) kimenipa mfumo wao wa zamani niuhamishie kwenye kompyuta mpya. Kila mkulima ana kadi, na chini ya QR imechapishwa ID ndefu. Kwenye databesi ID hiyo imewekwa kama BINARY(16), baiti tupu. Nikiifungua naona maruerue: alama za kuuliza, herufi za Kifaransa, mara terminali inalia pii. Nikisoma kwa HEX() napata hivi:

Kadi: 3f2a91c4-7b6e-4d08-9e15-c2a7b054d1f3
HEX: C4912A3F6E7B084D9E15C2A7B054D1F3

Nusu ya pili ni ileile, nusu ya kwanza imevurugwa. Nani kavuruga? Na nitaigeuzaje isomeke kama ilivyo kwenye kadi? Wakulima wapo kama 1,100 na malipo yanasubiri.

#2 Kijenge_Juu
Naweka kiti hapa. Chai ipo?

#3 BintiNjiro
Mkuu hiyo imefungwa kwa usimbaji. Aliyejenga mfumo ana ufunguo, mtafute umlipe. Ndio biashara yao hao.

#4 FundiBaiti
@BintiNjiro hapana dada, hakuna kufuli hapo. Hiyo ni UUID ya kawaida, yaani kitambulisho cha kipekee: biti 128, sawa na baiti 16. Ukiiandika kwa heksadesimali (tarakimu 0-9 na a-f) unapata tarakimu 32, ukiweka vistari vinne katika mpangilio wa 8-4-4-4-12 inakuwa herufi 36. Watu huiweka kama BINARY(16) ili kubana nafasi tu, 16 badala ya 36. Maruerue anayoyaona ni programu kulazimisha baiti zisomeke kama maandishi, na wala haya si maandishi. Ile pii ni baiti 07, terminali huisoma kama kengele.

Mleta uzi, kama programu yako ya databesi ni MySQL 8 andika tu SELECT BIN_TO_UUID(id). Kwisha.

#5 Mtunza_Leja
@FundiBaiti nimejaribu. Kompyuta mpya ina XAMPP (kile kifurushi cha seva na databesi), inaniambia hiyo fankisheni haipo.

#6 FundiBaiti
Ahaa. Ndani ya XAMPP hakuna MySQL halisi, kuna ndugu yake MariaDB. BIN_TO_UUID ililetwa na MySQL 8.0, hiyo MariaDB yako haiijui. Ikate kwa mkono:

LOWER(CONCAT_WS('-', SUBSTR(HEX(id),0,8), SUBSTR(HEX(id),8,4), SUBSTR(HEX(id),12,4), SUBSTR(HEX(id),16,4), SUBSTR(HEX(id),20)))

#7 Mama_Kweri
@FundiBaiti fundi umelala. SUBSTR ya MySQL inaanza kuhesabu kwenye 1. Ukimpa 0 anakurudishia patupu. Ni 1, 9, 13, 17, 21.

#8 FundiBaiti
@Mama_Kweri umenikamata. Mazoea ya Python.

#9 Chalii_wa_Sanawari
Fundi wa Moshi huyo. Arusha tunaanza kuhesabu moja 😂

#10 Mtoto_wa_Kiborloni
@Chalii_wa_Sanawari nyinyi mnaanza na mia, tena kwa dola.

#11 Mtunza_Leja
Jamani nashukuru, vistari vimekaa. Lakini nusu ya kwanza bado haifanani na kadi. Sasa ni c4912a3f-6e7b-084d, kadi ni 3f2a91c4-7b6e-4d08.

#12 Mama_Kweri
Itazame polepole, usiitazame kama mkusanyiko wa herufi, itazame baiti kwa baiti. Kadi: 3f 2a 91 c4. Databesi: c4 91 2a 3f. Imegeuzwa, wa mwisho kawa wa kwanza. Kundi la pili 7b 6e limekuwa 6e 7b. La tatu 4d 08 limekuwa 08 4d. La nne na la tano hayajaguswa.

Hiyo ni sahihi ya Microsoft. Wao huita kitu hiki GUID, na ndani wanakichukulia kama namba moja ya biti 32, namba mbili za biti 16, halafu baiti 8 zilizopangwa tu. Kwenye mashine za Intel namba huhifadhiwa kwa kuanza na baiti ndogo, ndiyo maana makundi matatu ya mbele yanageuka na mawili ya nyuma yanabaki. Mfumo wa zamani ulikuwa wa .NET? Guid.ToByteArray() hutoa hivyohivyo.

Mfano wa nyumbani ni saa zetu. Saa mbili asubuhi yetu ndiyo saa nane ya mgeni. Wakati ni uleule, hakuna aliyedanganya, ila ukichukua maandishi ya huyu ukayasoma kwa macho ya yule unakosa ndege.

#13 Daladala_ya_Tengeru
@Mama_Kweri usinikumbushe. Nimeendesha magari ya watalii miaka sita. Karatasi ya ofisi iliandikwa "saa 2", mimi nikaenda hotelini saa mbili asubuhi. Mgeni alikuwa amemaanisha saa mbili yao, mchana. Kakaa chumbani, mimi nimekaa getini saa sita nzima naangalia Meru.

#14 Kijenge_Juu
@Daladala_ya_Tengeru bora wewe ulionao mlima wa kuangalia. Wa Moshi ungekuwa umejifunika mawingu.

#15 Mtoto_wa_Kiborloni
@Kijenge_Juu unajifunika kwa sababu ni mkubwa. Mfupi hana cha kuficha.

#16 Mtunza_Leja
Turudini kwenye mada kabla hamjapigana. @Mama_Kweri ndiyo, mfumo wa zamani ulikuwa wa Windows. Naugeuzaje ndani ya kweri, yaani amri ya databesi?

#17 Mama_Kweri
LOWER(CONCAT(SUBSTR(HEX(id),7,2), SUBSTR(HEX(id),5,2), SUBSTR(HEX(id),3,2), SUBSTR(HEX(id),1,2), '-', SUBSTR(HEX(id),11,2), SUBSTR(HEX(id),9,2), '-', SUBSTR(HEX(id),15,2), SUBSTR(HEX(id),13,2), '-', SUBSTR(HEX(id),17,4), '-', SUBSTR(HEX(id),21)))

Kama unatumia Python ni rahisi zaidi: uuid.UUID(bytes_le=b). Ukiandika bytes=b pekee anasoma kwa mpangilio wa kawaida. Herufi mbili, le, ndizo zitakazokulaza au kukukesha.

#18 Mzee_wa_Leja_Nyekundu
Nawasoma vijana. Swali la mtu mzima: kwa nini msiwape wakulima namba 1, 2, 3? KNCU, ushirika wetu mkuu wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, watu wamepimiwa kahawa kwa leja ya karatasi na namba fupi ambayo hata bibi asiyejua kusoma aliikariri. Nani atakariri hilo treni lenu?

#19 FundiBaiti
@Mzee_wa_Leja_Nyekundu shikamoo mzee. Namba fupi inahitaji mtu mmoja wa kuigawa. Sasa kituo cha Kibosho hakina mtandao, cha Machame hakina mtandao, kila karani ana simu yake anasajili mkulima mpya. Wote wawili watatoa namba 412. Jioni simu zikikutana na seva, wakulima wawili wana namba moja na malipo yanaenda kwa mmoja. UUID ya toleo la 4 ina biti 122 za bahati nasibu, kila simu inajitolea yake bila kuuliza mtu, na kugongana ni jambo la kusahau.

#20 Mzee_wa_Leja_Nyekundu
Marahaba. Ningempa Kibosho herufi K na Machame herufi M. K412, M412. Kwisha maneno.

#21 Kijenge_Juu
Mzee kawamaliza 😂😂

#22 Mama_Kweri
Mzee ana hoja, hata mimi ningeanza hivyo. Tatizo linakuja simu mbili zikiwa kituo kimoja. Lakini kwa kadi ya mkononi, K412 kwa macho na UUID ndani ya QR, vyote viwili vingekaa vizuri.

#23 Mtunza_Leja
Wakuu, taarifa. Kweri ya @Mama_Kweri (#17) imekubali kwa wengi. Nimechukua kadi 40 za kujaribia, 31 zimefanana na kadi. Zilizobaki 9 zimekataa. Sita zina sura hii:

Kadi: b81d06e7-52fa-4c39-a6d0-19e4738bfc25
HEX: 4C3952FAB81D06E7A6D019E4738BFC25

Na tatu zina sura hii, hata sijui nianzie wapi:

HEX: EFBFBDEFBFBD3712EFBFBD614FEFBFBD

#24 BintiNjiro
Excel hiyo! Mtu kafungua faili kwenye Excel akaseva. Inaharibu namba zote ndefu, kwetu ilikula namba za simu za wateja.

#25 Mama_Kweri
@BintiNjiro Excel ina dhambi zake: namba ikizidi tarakimu 15 inazigeuza sifuri zinazofuata, na kitu kama 52E10 inakiona ni hesabu. Lakini ID yenye vistari na herufi ndani inaiacha kama maandishi. Na isingepanga upya makundi kwa nidhamu namna hii.

#26 Mangi_Seva
Hizo sita nazijua. Angalieni: 4c39 imetoka kundi la tatu ikaenda mbele, 52fa imebaki katikati, b81d06e7 imeshuka nyuma. Hiyo ni UUID_TO_BIN(x, 1) ya MySQL 8. Ile 1 ya mwisho inaamuru kubadilisha nafasi za sehemu za wakati. Ukiisoma kwa BIN_TO_UUID bila 1 unapata takataka yenye sura nzuri, na hiyo ni mbaya kuliko maruerue kwa sababu hakuna atakayeistukia. Kwa hiyo kabla ya XAMPP kulikuwa na MySQL 8 mahali fulani.

#27 FundiBaiti
@Mangi_Seva mpangilio nakubali, sababu sikubali. Ile 1 ina maana kwa toleo la 1 tu, lile lenye saa ndani: inatanguliza sehemu ya wakati inayobadilika polepole ili indeksi, orodha ya kutafutia haraka, ipangike. Hizi zote ni toleo la 4, bahati nasibu tupu. Nani mwenye akili angeweka 1?

#28 Mangi_Seva
@FundiBaiti aliyenakili kodi kwenye intaneti bila kuisoma. Yaani mimi na wewe.

#29 Mzee_wa_Leja_Nyekundu
Kodi tena? Hii inakusanywa na TRA?

#30 Mangi_Seva
@Mzee_wa_Leja_Nyekundu hapana mzee, hii ni ile inayotutoza usingizi.

#31 Chalii_wa_Sanawari
Kwani mkijua ni toleo la 1 si mnaweza kusoma tarehe mkulima aliyosajiliwa? Nilisikia ID ina tarehe ndani, inahesabu tangu 1970.

#32 FundiBaiti
@Chalii_wa_Sanawari toleo la 1 tu, na si 1970, hiyo ni ya Unix. Toleo la 1 linahesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 15 Oktoba 1582, siku kalenda ya Gregori ilipoanza. Na mara nyingi linabeba anwani ya kadi ya mtandao ya mashine, kwa hiyo linakuchongea. Linalohesabu milisekunde za Unix ni toleo la 7, limeingia rasmi kwenye RFC 9562, waraka wa viwango vya intaneti, ya Mei 2024. Hilo lina wakati mbele kabisa, halihitaji ujanja wa ile 1.

Ukitaka kulijua toleo, tazama tarakimu ya kwanza ya kundi la tatu. Kadi ya mwanzo ni 4d08, kwa hiyo toleo la 4. Databesi ilipoonyesha 084d, yaani toleo la 0, hapo ndipo ungeshtuka.

#33 Dada_wa_Dawa
Niongeze langu, mnisamehe natoka njia kidogo. Nilijenga mfumo wa duka la dawa hapa Arusha, ID ni BINARY(16). Kutafuta dawa nikaandika WHERE HEX(id) = '...'. Mwezi wa kwanza sawa, mauzo yalipoongezeka mteja anasimama kaunta mpaka anaanza kusoma mabango ya ukutani. Tatizo lilikuwa mimi: ukiizungushia kolamu HEX(), indeksi haitumiki, seva inageuza kila mstari ndipo ilinganishe. Geuza upande wa pili: WHERE id = UNHEX(REPLACE('...','-','')). Imerudi kuwa papo hapo.

Mleta uzi usirudie kosa langu kwenye malipo.

#34 Mtunza_Leja
@Dada_wa_Dawa asante, nilikuwa nimeandika hivyohivyo, nimefuta sasa hivi. Na zile tatu za EFBFBD?

#35 Mangi_Seva
Hizo pole. EF BF BD ni alama moja ya UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa baiti), U+FFFD, kile kialmasi chenye alama ya kuuliza. Mtu kachukua baiti, kazipitisha kama maandishi. Kila baiti isiyoeleweka imefutwa ikawekwa hiyo alama. Baiti moja imekuwa tatu, kolamu ina nafasi 16, zilizozidi zimekatwa. Hazirudi.

#36 Mama_Kweri
Na databesi ilikubali kukata kimyakimya? Tazama sql_mode, STRICT_TRANS_TABLES imewashwa?

#37 Mtunza_Leja
Imezimwa.

#38 Mama_Kweri
Basi. Ingekuwa imewashwa ungepata kosa siku ileile na uzi huu usingekuwepo.

#39 Dada_wa_Dawa
Lakini nani alizipitisha kama maandishi? Mimi nashuku PHP. json_encode ikikuta baiti mbovu inagoma kabisa, halafu mtu anatafuta dawa, anaambiwa weka JSON_INVALID_UTF8_SUBSTITUTE. Kosa linapotea na data inapotea nalo.

#40 FundiBaiti
Mimi nashuku JavaScript upande wa simu. Buffer ikigeuzwa na toString() bila kutaja 'hex', inafanya uharibifu uleule, tena bila kuombwa.

#41 BintiNjiro
Na mimi nasema mtu alifungua bakapu kwenye kihariri cha maandishi akaseva kama UTF-8. Mnacheka lakini nimeona kwa macho yangu. Bakapu ya baiti ilitakiwa ichukuliwe kwa mysqldump --hex-blob.

#42 Mama_Kweri
@BintiNjiro hapo sicheki. Ila kihariri kingeharibu karibu faili zima, si tatu kati ya 40.

#43 BintiNjiro
Labda alibandika mistari michache tu. Hamjamuona karani wa kwetu akifanya kazi.

#44 Kijana_wa_Mongo
Mnalia na tatu? Kwenye MongoDB nimekuta UUID za aina ndogo ya 3 na ya 4 kolekshini moja. Ya 4 iko sawa. Ya 3 ni ya zamani: ya C# inageuza makundi matatu kama mlivyosema, ya Java inageuza kila nusu ya baiti nane. Na hakuna alama inayosema hii ni ya nani. Mleta uzi, karani wako ana simu ya Android? Pengine na yako kuna Java humo.

#45 Mtunza_Leja
@Kijana_wa_Mongo usiniongezee presha aisee.

Nimewaza hivi: kila mstari nisome tarakimu ya toleo. 4 ikiwa nafasi ya 13, ni kawaida. Ikiwa nafasi ya 15, ni ya Windows. Ikiwa nafasi ya 1, ni ile ya @Mangi_Seva. Natengeneza CASE moja (amri ya kuchagua kwa masharti), nageuza zote 1,100 usiku huu.

#46 FundiBaiti
@Mtunza_Leja ngoja kwanza. Nafasi nyingine ni bahati nasibu, 4 inaweza kutokea yenyewe, mara moja kila 16. Kwenye mistari 1,100 ni kama 69 zitakazokuwa na 4 kwenye nafasi usiyoitarajia, kwa kila nafasi. Hizo CASE itazigeuza kwa yule wa kwanza kuulizwa. Zikiwa na 4 mbili, ziweke pembeni, zilinganishe na kadi yenyewe.

#47 Mtoto_wa_Kiborloni
Yaani wakulima 69 walipwe kwa bahati nasibu. Mbege ingemwagika.

#48 Mama_Kweri
Na usigeuze kolamu yenyewe. Ongeza kolamu mpya ya CHAR(36), andika humo, ya zamani iache ilivyo mpaka kadi zote zikaguliwe.

Kuhusu zile tatu, @Mangi_Seva kasema hazirudi. Kwa hesabu peke yake hazirudi, lakini kuna kilichobaki. Tazama: EFBFBD, EFBFBD, 37, 12, EFBFBD, 61, 4F, EFBFBD. Baiti nane za mwanzo, nne zinaonekana. 4F imekaa mwanzo wa kundi la tatu, kwa hiyo huyu aliandikwa kwa mpangilio wa kawaida, si wa Windows. Kadi yake inasomeka ????3712-??61-4f??-. Tafuta kadi yenye hivyo. Ukitoa ile 4, ni biti 28 za bahati nasibu, yaani uwezekano zaidi ya milioni 268. Wakulima 1,100 hawawezi kufanana hapo kirahisi.

#49 Mangi_Seva
@Mama_Kweri nimevua kofia. Ila unachukulia kila alama ilikula baiti moja. Baiti mbili zinaweza kuungana kwa bahati zikawa herufi halali, na zana nyingine hutoa alama moja kwa baiti kadhaa.

#50 Mama_Kweri
Ndiyo maana nikasema tafuta kadi.

#51 FundiBaiti
Ila hiyo 4F inamtoa mtu wa Windows kwenye kesi. Inanirudisha kwa simu. Nabaki na JavaScript yangu.

#52 Dada_wa_Dawa
Na mimi na PHP yangu. Hata seva inapokea kwa mpangilio wa kawaida.

#53 Mtunza_Leja
Hapa naona sina ujanja, Jumamosi napanda Kibosho na simu yangu, naskani QR za hizo tatu na zile zenye 4 mbili. Kadi ndiyo itakuwa hakimu.

#54 Mzee_wa_Leja_Nyekundu
Ukifika ulizia leja ya karatasi. Ipo kabatini, hakuna aliyeigeuza baiti.

#55 Chalii_wa_Sanawari
Urudi na ndizi za mtori mkuu, ushauri haukuwa wa bure.

#56 Mpima_Kahawa
Nimechelewa, nimeusoma uzi wote. Mimi ni karani wa kituo, si chama chako labda lakini tulifungiwa mfumo unaofanana. @Mtunza_Leja hizo kadi unazolinganisha ni za kijani au za njano? Kwetu zilichapishwa mara mbili. Za kwanza zilitoka ofisini, za pili zikachapishwa baada ya simu kuja, na wazee wengi bado wanatembea na za kwanza.

#57 Mtunza_Leja
Mara mbili???

Hapa mezani ninazo 40. Kijani 31, njano 9.

#58 Kijenge_Juu
Chai iongezwe.